Mteja Alipoigeuza Huduma

Mwaka 2005, Vodafone na Safaricom walianza kujaribu huduma mpya ya simu nchini Kenya. Nia ilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa marejesho ya mikopo yao kwa simu. Waliopewa huduma hiyo wakawa na mambo yao: huyu anamtumia mwenzake pesa, yule anaweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa akishafika.

Waandaaji wangeweza kusema watu hawa wamekosea, wakaitisha semina ya kuwaelekeza. (Ofisi ngapi tunazozijua zingefanya hivyo hasa!) Badala yake waliuweka kando mpango wa mikopo, na Machi 2007 M-Pesa ikaingia sokoni kama huduma ya kutuma pesa.

Makazini tunajisifu kwamba tunapokea maoni. Sanduku lipo pale mlangoni, kufuli limeshika kutu. Lakini kusikiliza si kazi kubwa. Kazi ni kuuacha mpango ulioshakula bajeti, tena wenye jina la bosi ndani yake. Ndiyo maana karani mgeni akiuliza kwa nini mteja anajaza taarifa zilezile kwenye fomu mbili, hujibiwa, "Hapa ndivyo tunavyofanya." Huenda sababu nzuri ipo, labda ya mkaguzi wa hesabu. Basi aelezwe. Na kama hakuna anayeikumbuka, fomu ya pili iondolewe Jumatatu asubuhi, bila kuundiwa kamati.