Bwawa la Samaki, Ufunguo, na Safari ya Krismasi



Vijana wenzangu, Majilio ndiyo hayo, na najua wengi wenu akili iko stendi tayari. Tiketi, zawadi za bibi, nguo za Krismasi. Kabla hujafunga begi, nipe dakika chache nikusimulie habari ya samaki wangu.

Nyuma ya nyumba yetu, hapa Morogoro, nina kabwawa ka turubai, mita 5 kwa 4, maji yanafika kifuani. Sato. Mwaka juzi mimi na mama tulikwenda Rombo wiki tatu nzima. Mdogo wangu wa kiume alibaki kwa sababu ya kazi. Kwa akili ya kawaida, huyo ndiye wa kuachiwa bwawa, sivyo? Lakini mimi nilikuwa na kinyongo naye. Miezi kadhaa nyuma alivua sato sita bila kuniuliza, akauza, hela akala. Nilimwambia nimesamehe. Midomo ilisamehe, wapendwa, moyo ulikuwa bado unahesabu sita.

Basi siku ya safari nikafanya haya: nikamwaga chakula cha siku nyingi kwa mkupuo mmoja, pumba, mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga, karibu nusu ndoo. Nikafunga geti la uzio kwa kufuli, ufunguo nikauweka kwenye pochi. Nikamwambia mdogo wangu, "Humu usiguse." Kisha nikapanda basi na rozari mkononi. Rozari kabisa!

Anayefuga samaki anajua nilichofanya. Samaki hali akiba. Akishashiba, kinachobaki kinazama, kinaoza, na katika kuoza kinamaliza hewa iliyomo kwenye maji. Usiku ni mbaya zaidi, maana hata ule ukijani wa maji unaotoa hewa mchana, usiku nao unaivuta. Alfajiri samaki wanapanda juu, midomo wazi, wanahema. Kumbe sato mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki na zaidi bila kulishwa, hasa maji yakiwa na ukijani, kwa sababu anakula vijimea humo humo. Ningewaacha na njaa wangepona. Nimewaua kwa chakula.

Siku ya tatu mdogo wangu alipiga simu alfajiri. Nikaangalia jina, nikasema moyoni, huyu anataka hela. Sikupokea. Akapiga tena, na tena. Mara tatu. Nilikuwa najiandaa kwenda Misa.

Tuliporudi, alikuwa ameshawazika. Alisubiri siku nzima nimpe ruhusa ya kuvunja kufuli, halafu akavunja bila ruhusa, amechelewa. Hakunisema hata neno.

Sasa fungua Marko 13:33-37, Injili tunayosomewa Domenika ya kwanza ya Majilio katika Mwaka B. Tumezoea kuisoma upande wa watumishi: kesheni, msisinzie. Ni kweli. Ila mimi tangu siku ile namtazama yule mwenye nyumba. Anasafiri, na kabla ya kuondoka anawakabidhi watumishi mamlaka, kila mmoja na kazi yake, na bawabu anaambiwa akeshe. Hafungi nyumba na kuondoka na funguo. Anawaachia watu. Na Bwana wetu anawajua watu wake vizuri kuliko ninavyomjua mdogo wangu: anajua nani amewahi kumwibia, nani atasinzia, Petro atamkana mara ngapi. Bado anaacha nyumba mikononi mwao. Mikononi mwetu.

Kwaresima nilikwenda Kitubio. Nikataja uzembe, nikataja hasira. Padre akasikiliza, akaniuliza swali moja: "Na huyo mdogo wako, umemwambia?" Nikanyamaza. Ni rahisi sana kumwambia Padre! Lakini ile Mathayo 5, ya kuacha sadaka mbele ya altare ukapatane kwanza na ndugu yako, haikuandikwa kwa ajili ya watu wa zamani tu. Nilirudi nyumbani nikamkuta anaosha viatu. Nikamwambia, "Ningepokea simu yako wangepona. Na wale sita nilikuwa bado nakudai. Nisamehe." Akasema, "Dada, hata mimi sijawahi kukuomba msamaha wa wale sita." Tukalia kidogo, tukacheka.

Mwaka jana tuliandaa safari pamoja. Wiki mbili kabla hatukuongeza samaki wala samadi. Wakubwa tuliwavua, wabaki wachache, hewa iwatoshe. Theluthi ya maji tukabadilisha kwa maji ya kisima. Bomba la kupunguzia maji tukalifunga wavu, mvua ikifurika wasitoke, na juu ya bwawa tukatandaza wavu mwingine kwa ajili ya mdiria na kenge. Chakula nikakipima kwenye vipakiti kumi, kimoja kila baada ya siku moja. Nikamwonyesha kuzamisha mkono hadi kiwiko: kiganja kikipotea kabla kiwiko hakijalowa, maji yamekuwa mazito, usilishe. Siku ya mawingu mazito, usilishe. Wakihema juu, usilishe kabisa, ongeza maji safi kwa kuyamwaga kutoka juu yaporomoke.

Kisha nikampa ufunguo. Nakiri, mkono ulikuwa mzito. Kwenye basi, hadi tunapita Korogwe, nilikuwa bado najiuliza kama nitakuta samaki au hesabu. Nikasali, si kwa ajili ya samaki, bali niweze kuacha kumchunga mtu mzima kwa mawazo kutoka mbali.

Wewe unayesafiri wiki hii, kuna mtu nyumbani au hosteli umemnyima ufunguo? Mtafute kabla ya basi. Na kama Kitubio bado, parokia nyingi zina ratiba ya maungamo kipindi hiki, usisubiri mkesha wenye foleni.

Usiku wa kuamkia Noeli simu ililia kabla ya jogoo. Jina lake. Safari hii nilipokea kwa mlio wa kwanza.

"Dada, wanahema juu. Chakula nimesimamisha tangu jana, maji namwaga sasa hivi. Wewe nenda tu Misa."