Kupeleka Khabari Usiyoijua: Je, Mpelekaji Ana Dhima?



Tumeulizwa mara nyingi katika darsa zetu suali hili: Mtu akiletewa ujumbe katika simu yake au kwa barua pepe, naye asijue asili yake, kisha akaupeleka kwa wenziwe, na baadaye ukadhihirika kuwa ni uwongo, je, yeye ana dhambi? Wengi wanaouliza huwa wamekwisha kujijibu. Husema, "Si mimi niliyeandika. Mimi nimeletewa tu, nami nikapeleka." Na wengine huongeza chini ya ujumbe maneno haya, "Kama nilivyopokea," wakadhani kuwa wamejitoa katika lawama.

Jawabu hili tumeliona limekuwa ngao ya watu wengi, wema kwa wabaya, wasomi kwa wasiosoma. Kwa hivyo yatupasa tulipime kwa mizani ya dini na ya akili, tuone kama ni ngao kweli au ni karatasi.

Kwanza tujue kuwa jambo hili si geni. Yuko nani miongoni mwetu asiyepata kuletewa ule waraka unaonasibishwa na Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) Madina? Husemwa ndani yake kuwa Sheikh huyo alimuona Mtume katika ndoto, akaelezwa kuwa watu wengi wamekufa bila ya imani. Kisha huja ahadi na kitisho: atakayeunakili na kuupeleka mji hata mji atajengewa kasri Peponi, akiwa fakiri atatajirika, akiwa na deni litalipwa, na atakayeuzuia atakosa shufaa, na uso wake utasawidika duniani na akhera.

Waraka huu ulikuwa ukizunguka kabla hazijazaliwa simu tulizo nazo mikononi. Mwaka 1908 nakala zake zilienea katika pwani ya kusini ya nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, ambayo leo ni Tanzania, khasa upande wa Lindi, hata watawala wakaingiwa na khofu, kwa kuwa vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hata 1907, vilikuwa vimekwisha juzi tu. Sheikh Muhammad Rashid Rida, mwenye jarida la al-Manar la Cairo, aliurudi. Baadaye akaurudi Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, akabainisha kuwa ni uzushi. Alitoa hoja iliyo wazi: hata mtu angeinakili Qur'ani yenyewe akaipeleka mji hata mji, hapana dalili ya kuwa atajengewa kasri kwa kazi hiyo, basi vipi karatasi isiyojulikana mwenyewe iwe na fadhila kuliko Kitabu cha Mwenyezi Mungu?

Wanavyuoni wakaurudi, na waraka haukufa. Umebadilisha nguo tu. Zamani ulinakiliwa kwa wino, kisha ukapigwa chapa, kisha ukaingia katika barua pepe, na leo waja katika makundi ya WhatsApp pamoja na ndugu zake wengi: peleka kwa watu kumi utapata khabari njema kabla ya magharibi, dawa hii yaponya kila maradhi, fulani ameiba mali ya msikiti, watu fulani wanaiba watoto.

Basi limebadilika nini? Imebadilika taabu. Aliyetaka kueneza waraka kwa wino alikaa kitako jioni nzima kwa nakala chache. Mkono ulimuuma, na katika kuandika alipata wasaa wa kujiuliza, "Je, haya ni kweli?" Hata ilipokuja chapa, neno lilikuwa na mwenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, mjini Mombasa, watu walijua neno hilo latoka kwa nani, na mwenye kumpinga alijua mlango wa kubisha. Leo kidole kimoja chatosha kupeleka khabari kwa watu mia mbili, na kidole hakiumwi. Ile taabu ilikuwa ni kizuizi. Kizuizi kimeondoka, na dhima imebakia pale pale.

Na tusidhani kuwa taabu hiyo imepotea. Imehama tu kutoka kwa mpelekaji ikamwendea mpelekewa. Mwaka 1978, kabla watu wa kawaida hawajaujua mtandao, mfanya biashara mmoja wa Marekani, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, alipeleka tangazo la kompyuta kwa watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET, na hapana mmoja wao aliyelitaka. Watu walilalamika. Mambo hayo ndiyo yaliyozaa barua pepe zisizotakiwa zinazojaa katika visanduku vyetu leo. Mmoja hujitaabisha mara moja, na mamia hulipa kwa wakati wao katika kusoma, kupambanua na kufuta. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Surat an-Nur, aya ya 27, tusiingie nyumba za watu mpaka tutake idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Nasi twauliza: mtu ambaye hangeweza kuingia ukumbini mwa jirani yake bila ya kupiga hodi, vipi huingia mfukoni mwake usiku wa manane na asione haya?

Sasa na turudi kwenye zile hoja, tuzipime moja moja.

Hoja ya kwanza: "Si mimi niliyetunga." Twasema: na tukikumbuke kisa cha uzushi aliozuliwa mama yetu Bibi Aisha (r.a.), kilichotajwa katika Surat an-Nur tangu aya ya 11. Aliyeushika uzushi ule kwa ukubwa alikuwa Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki. Lakini miongoni mwa walioupokea na kuueneza alikuwamo Mistah bin Uthatha, Mwislamu wa kweli, aliyepigana Badr, na jamaa wa Sayyidna Abu Bakr. Mistah hakutunga kitu. Alisikia, naye akasema. Na imepokewa kuwa alikuwa miongoni mwa waliopigwa kwa hukumu ya kusingizia. Badr haikumkinga, wala neno la "nimesikia tu" halikumkinga. Na katika aya ya 15 Mwenyezi Mungu amewalaumu waliolipokea jambo lile kwa ndimi zao na kusema wasiyo na ilimu nayo, wakaliona ni jambo dogo, na mbele yake ni kubwa. Ndugu msomaji, katika kupokea jambo na kulitoa pale pale, bila ya kulipitisha moyoni, ulimi wa wakati ule na kidole cha leo vina tofauti gani?

Hoja ya pili: "Nimeandika kuwa ni kama nilivyopokea." Hii ndiyo hoja inayowadanganya wasomi. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vikapata maji. Alipomuuliza mwenyewe, yule mtu alisema kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) hakumkubalia udhuru ule, bali alimuuliza kwa nini hakukiweka juu kilichorowa, watu wakakiona, na akamuonya juu ya kughushi. Angalieni: mvua haikuletwa na muuzaji. Aibu ile ilimjia kama ilivyomjia. Walakini alipokitoa chakula kwa watu, dhima ikawa yake. Basi na anayetoa khabari asiyoijua ndani yake ameweka rundo sokoni bila ya kutia mkono. Maneno "kama nilivyopokea" hayamwambii mnunuzi wapi palipo na maji. Yamwambia tu kuwa muuzaji hakutaka kutazama. Na imepokewa vile vile katika Sahihi hiyo kuwa yamtosha mtu kuwa ni mwongo kwa kuhadithia kila alisikialo.

Hoja ya tatu: "Khabari hii imeletwa na watu wengi, haiwezi kuwa uwongo." Wenye kusoma ilimu ya hadithi watakumbuka kuwa khabari ya mutawatir ni ile iliyopokewa na wengi kutoka kwa wengi, katika kila tabaka, hata isimkinike kuwa wamepatana juu ya uwongo, na wa mwanzo wao wawe wameona au wamesikia wenyewe. Ujumbe uliotoka kwa mtu mmoja asiyejulikana, ukapita mikono milioni moja, ungali ni khabari ya mtu mmoja asiyejulikana. Maji ya kisima kimoja hayawi ya visima elfu kwa kutekwa na ndoo elfu. Siku hizi WhatsApp hutia alama ya mishale miwili juu ya ujumbe uliopita mikono mingi. Alama hiyo imewekwa ili msomaji ajihadhari, na wako wanaoisoma kama kwamba ni muhuri wa kadhi.

Hoja ya nne: "Nia yangu ni njema, hata ikiwa si kweli, watu watakumbuka kusali." Hoja hii nayo ni ya zamani. Wanavyuoni wa hadithi wamemtaja Nuh bin Abi Maryam, aliyezua hadithi za fadhila za sura za Qur'ani, akajitetea kuwa aliona watu wameshughulika na mambo mengine, akataka kuwarudisha kwenye Kitabu. Je, wanavyuoni walimshukuru kwa nia yake? Hasha! Walimwita mzushi, na jina lake hutajwa hivyo mpaka leo. Dini iliyokamilishwa na Mwenyezi Mungu haina haja ya kutiwa nguvu kwa uwongo wetu. Na mtoto aliyesali kwa khofu ya waraka, siku atakapojua kuwa waraka ni uzushi, twakhofia atadhani kuwa sala nayo ni katika uzushi huo.

Wako pia wanaopeleka kwa kuogopa tu, khasa wazee wetu na mama zetu, ambao huona kuwa wakiufuta ujumbe watafikwa na msiba. Hawa tusiwacheke, bali tuwafundishe kwa upole. Manufaa na madhara yamo mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake. Kuamini kuwa baraka imefungwa katika kupeleka kwa watu kumi, na nuksi katika kupeleka kwa tisa, ni katika itikadi aliyokuja Mtume (s.a.w.) kuiondoa.

Pengine atasema mtu, "Mmelikuza jambo dogo." Basi na atazame yaliyotokea Bara Hindi. Tarehe 1 Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, jimbo la Maharashtra, wanaume watano wapita njia walipigwa na umati mpaka wakafa, kwa kudhaniwa kuwa ni wezi wa watoto. Uvumi wa wezi wa watoto ulikuwa ukizunguka katika simu za watu. Waliopeleka uvumi ule hawakushika fimbo, na wengi wao yamkini walipenda watoto wasalimike. Kila mmoja angeweza kusema, "Mimi nimeletewa tu." Lakini watano wamekufa, na dhulma yao yamngojea nani Siku ya Kiyama? Mwezi huo huo WhatsApp ilitangaza kupunguza idadi ya mahali ujumbe unapoweza kupelekwa kwa mara moja. Januari 2019 mpaka wa mara tano ukawekwa dunia nzima. Na Aprili 2020 ujumbe uliopita mikono mingi ukafungiwa mahali pamoja kwa kila mara. Nasi twaona haya: umma ulioamrishwa katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, kuihakikisha khabari iletwayo na fasiki, usije ukawadhuru watu kwa kutojua, umengoja ua ujengwe na kampuni ya biashara.

Basi jawabu letu kwa suali lililoulizwa ni hili: mpelekaji ana dhima. Akijua kuwa ni uwongo, yeye na aliyetunga ni washirika. Akiwa na shaka, akapeleka bila ya kuhakikisha, ameasi amri ya kuhakikisha. Na akiwa amejitahidi kutafuta ukweli, kisha ikadhihirika kuwa alikosea, twataraji msamaha wa Mola wake. Lakini yampasa kurekebisha. Katika Surat al-Baqara, aya ya 160, toba ya wenye kuficha haki imefungamanishwa na kutengeneza na kubainisha. Kwa hivyo, aliyeueneza uwongo mbele ya watu mia haitoshi aufute kimya kimya. Na awaambie wale wale mia kwamba haukuwa kweli. Na ikiwa ni heshima ya mtu iliyovunjwa, amwendee mwenyewe akatake radhi.

Kabla ya kupeleka, jiulize mambo matatu: Nani aliyesema? Mimi najuaje kuwa ni kweli? Na huyu nimpelekeaye, ana haja nalo? Ukikosa jawabu la moja katika hayo, nyamaza. Hapana atakayeulizwa kwa nini hakupeleka uvumi.

Na anayeletewa naye ana wajibu wake. Abu Ayyub al-Ansari (r.a.), yalipomfikia maneno ya ule uzushi, hakuyachukua mlango wa pili. Alizungumza na mkewe, wakakubaliana kuwa ni uwongo, yakaishia nyumbani mwao. Nasi tukiletewa, na tumrudie aliyetuletea kwa faragha, kwa adabu, bila ya kumfedhehi kundini. Sayyidna Abu Bakr alipoapa kumkatia Mistah msaada wake, iliteremka aya ya kuhimiza kusamehe, naye akasamehe na akaurudisha. Hukumu ilipita, na udugu haukuvunjika.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, na ajaalie nyumba zetu ziwe ni mahali unapoishia uwongo. Amin.