Kimya cha Nani?

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Tangu ujana wangu nimekuwa mtu wa maneno machache, na kwa muda mrefu nilijihesabu kuwa mwenye busara kwa sababu hiyo tu.

Hapa Magamba nilikuwa na jirani, mzee aliyehamia kutoka Katumba, yale makazi ya huku kwetu Mpanda yaliyofunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Alivuka mpaka akiwa kijana. Mwaka 2014, Serikali ilipoanza kuwapa vyeti vya uraia zaidi ya watu 160,000 miongoni mwao, naye alipata chake. Tulipukuchua mahindi pamoja misimu mingi. Siku moja nilimwuliza yaliyowapata ndugu zake. Akaendelea kupukuchua. Nikarudia swali. Akasema, "Mwanangu, mengine ukiyatamka yanaanza upya." Sikuuliza tena.

Baadaye, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kijana mmoja alimwambia mzee yule awapishe wenye nchi, kwani yeye ni mkimbizi tu. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma yake, debe langu begani. Nilijua kwamba ni raia kama sisi, na kwamba hata asingekuwa raia, foleni ni foleni. Nilinyamaza. Mzee akasogea pembeni, akangoja hadi tulipokwisha wote. Nilisaga kabla yake.

Usiku ule nilijiambia kwamba nilikuwa nimeepusha ugomvi. Lakini usingizi haukuja. Kimya cha mzee kilikuwa mali yake: alikibeba mwenyewe, wala hakikumwumiza mtu. Changu nilikitumia mimi, akakilipia yeye. Vyote viwili huitwa kunyamaza, lakini havifanani hata kidogo.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo, kabla sijajisifu kwa kuufunga mdomo wangu, hujiuliza: gharama ya kimya hiki inamwangukia nani? Ikiniangukia mimi, na ninyamaze hadi kaburini. Ikimwangukia mwenzangu, basi nami nimo miongoni mwa waliocheka.

Mzee amekwisha tutangulia. Tuliendelea kupukuchua mahindi pamoja hadi mwisho, wala hakuitaja siku ile. Nami sikumwomba radhi. Hilo nalo nililinyamazia.