Hana Jini, Ana Miaka 48

Jumapili iliyopita niliitwa kwenye kikao cha familia kumjadili wifi yangu. Shtaka lilikuwa kwamba ameacha kulala na mumewe. Usiku wa manane anatoka chini ya neti, anatandika khanga sakafuni na kulala juu ya saruji. Kaka yangu akaongeza kuwa mkewe siku hizi ana hasira za karibu, analia bila sababu, na darasani anakofundisha husahau alichokuwa akisema. Shangazi akasema ana jini. Mzee mmoja akauliza kama kuna mwanamume mwingine. Mwenyewe alikaa mkekani akijipepea kwa daftari lake la matibabu, jasho likimtiririka shingoni, ilhali sisi wengine upepo wa bahari ulikuwa umetupoza.

Hakuna aliyemuuliza umri. Ana miaka 48.

Nilimwomba lile daftari nikalisoma palepale. Homa na jasho la usiku: kipimo cha malaria hasi, dawa mseto akapewa hata hivyo. Moyo kwenda mbio: presha ya kawaida, apumzike. Viungo kuuma: diklofenaki. Katika ukurasa mmoja imeandikwa kuwa hedhi yake ya mwisho ilikuwa miezi minne nyuma, na chini yake, kipimo cha mimba, hasi. Swali likaishia hapo, kana kwamba hedhi ya mwanamke ina habari moja tu ya kueleza. Hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki nzima.

Alichokuwa nacho kinajulikana. Ovari zinapoelekea mwisho wa kazi yake, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo kabla ya kupungua moja kwa moja. Sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huvurugika, ikaamrisha jasho kama vile mtu yuko juani, kumbe yuko kitandani. Usingizi ukikatika kila usiku, hasira na usahaulifu hufuata. Wengine hupata maumivu ya viungo, mapigo ya moyo ya ghafla, na ukavu ukeni unaofanya tendo la ndoa liwe mateso, jambo ambalo wengi hawamwambii hata mume. Hali hii yaweza kudumu miaka. Wengi hedhi huwakoma kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Kwa mwanamke aliyevuka 45, mara nyingi hakihitajiki kipimo chochote cha homoni. Yanahitajika maswali na mtu wa kuyasikiliza majibu.

Najua nitaambiwa bibi zetu walipita humohumo bila vidonge. Walipita, ndiyo. Lakini nani aliwauliza walipitaje? Tunawakumbuka bibi waliopinda mgongo na waliovunjika nyonga kwa kuanguka uani, tukadhani uzee ndio ulivyo. Estrojeni ikipungua, mifupa hupoteza uimara kwa kasi. Ukimya wao haukuwa ushahidi kwamba hawakuumia.

Wengine wataniambia homoni zinaleta saratani. Hofu hiyo ina chanzo: mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha ongezeko la saratani ya matiti na kiharusi kwa waliotumia mchanganyiko wa homoni. Lakini wengi wa wanawake wale walikuwa wamevuka miaka 60. Kwa aliye chini ya umri huo, au ambaye hajafikisha miaka 10 tangu hedhi ikome, asiye na historia ya saratani ya matiti wala damu kuganda, faida kwa kawaida huzidi hatari. Mwenye kizazi hupewa projesteroni pamoja na estrojeni ili kuulinda mji wa mimba. Kwa asiyefaa kutumia homoni, zipo dawa nyingine. Haya ni ya kuamua na daktari, si na muuza unga wa kusafisha kizazi. Dawa hizi hazipatikani kila zahanati, lakini swali halina bei, na muuguzi aliyeona kipimo cha mimba kimekuwa hasi kwa mama wa miaka 48 anapaswa kuendelea kuuliza.

Kaka yangu nilimwambia wazi mbele ya wazee: nunua feni, mwache mkeo alale anapopata nafuu, na siku ya kliniki mfuatane. Hakujibu, ila Jumatano walikwenda.

Kuna jambo moja lisilosubiri kikao wala nafuu. Mwanamke aliyemaliza miezi 12 bila hedhi, kisha akaona damu, hata tone, asidhani ujana umemrudia. Mara nyingi chanzo si kikubwa, lakini yaweza kuwa saratani ya shingo ya kizazi au ya mji wa mimba, na ikigunduliwa mapema hutibika. Aende hospitali wiki hiyohiyo.