Tuliza Kichwa

Mwaka nilioacha chuo, Mathe alinituma kwa Mjomba ninyooshwe. Mjomba ni kedi, amebeba mabegi ya gofu ya wenyewe tangu sijazaliwa, na Jumatatu klabu huwaachia makedi uwanja wacheze. Hakuninyoosha. Alinipa fimbo namba 7 na kuniambia nipige. Nikapiga nyasi. Nikapiga tena, nikapiga hewa.

“Tuliza kichwa, mjomba,” akasema.

Nilicheka, manze. Hayo ndiyo maneno Mathe alikuwa ananiambia kwa simu kila usiku.

Nilidhani kutulia ni kujikaza. Nikakaza shingo, nikaukodolea mpira macho, na mpira ukaenda mita 30 hivi. Shida ni kwamba nilipokaza kichwa, nilikaza kila kitu. Swingi si ya mikono. Ni mwili unaozunguka. Ukirudisha fimbo nyuma, mabega yanageuka karibu digrii 90 (ndizo digrii pekee nilizo nazo kwa sasa), kiuno kama nusu ya hapo, uzito unaingia mguu wa kulia. Kushuka, kiuno ndicho kinaanza, mabega yanafuata, mikono inakuja mwisho. Fikiria mlango. Unafunguka wote kwa sababu bawaba haihami. Bawaba ikisogea kidogo tu, fimbo inashukia pahali pengine na wewe unachimba viazi. Lakini bawaba ikishika kutu, huo si mlango tena, ni ukuta.

Jack Nicklaus alipokuwa mtoto kule Ohio, mwalimu wake Jack Grout alimwambia msaidizi wake amshike nywele wakati anapiga. Kichwa kikihama, nywele zinavutwa. Nicklaus alikuja kushinda mashindano makuu 18, na hakuna aliyemfikia. Wazazi wetu wangeipenda sana hii hadithi. Sisi wengi tumelelewa hivyo, mtu ameshika nywele.

Tena Kiswahili kinawasaidia. Mtu wa kuaminika tunamwita mtu wa msimamo, na neno hilo limetoka kwa kusimama, ambako pia ni kukoma. Ndiyo maana anayebadilisha njia anaonekana amekosa msimamo. Lakini kwa gofu unachukua msimamo ili uzunguke. Miguu imepangwa, magoti yamelegea kidogo, yote ni matayarisho ya kugeuka. Kwa hivyo swali langu si kama mtu anafaa kubaki pale pale. Ni kitu gani kibaki, na kibaki hadi lini?

Hapo kwa lini ndipo pagumu. Fimbo na mpira hugusana kama nusu ya milisekunde tu. Baada ya hapo, ukiendelea kulazimisha kichwa kiangalie chini, unazuia mwili kumaliza mzunguko, na shingo na mgongo ndivyo vinalipa. Kuna watu wanaishi hivyo. Mpira ulienda kitambo, wao bado wameinama wakiangalia nyasi, na tunawasifu kwa uvumilivu.

Halafu kuna Annika Sörenstam wa Uswidi. Kichwa chake kilianza kugeukia shabaha hata kabla fimbo haijafika kwa mpira. Walimu wengi wangemkemea. Mwaka wa 2001 alipiga raundi ya mapigo 59, na aliondoka na mashindano makuu 10. Nilipomjua nilifurahi sana, nikajiambia, si unaona? Hata mimi niligeuka mapema tu.

Mjomba hakukataa. Alisema kichwa cha huyo mama kinazunguka na mwili, mhimili hauhami. Changu kinainuka kwa sababu nataka kuona mpira umeenda wapi kabla sijaupiga.

Hiyo iliniuma, kwa sababu kila anayeacha kitu hujiona ni Annika. Niliacha mwaka wa tatu nikisema nataka kuandika, na ni kweli nilitaka. Pia niliogopa mitihani miwili. Nikiwa peke yangu sijui ni kipi kilinigeuza kwanza, kiuno au uoga, na kwa nje vyote vinafanana: kijana ameinua kichwa.

Naandika, nalipwa kwa kuchelewa, Jumatatu naenda kwa Mjomba. Sasa hivi kama mpira mmoja kati ya mitatu unaruka vizuri. Mathe hupiga simu Jumapili kuuliza kama nimeandikia chuo ile barua ya kuomba kurudi. Nimeiandika. Iko kwa simu, sijaituma.