Asiyeona Naye Amekuja Kuomba Haki Yake

Ndugu zangu mnaotengeneza tovuti, na ninyi wakubwa mnaozilipia kwa fedha za umma, nisikilizeni.

Kila aliyepita madrasa anakijua kisa cha Sura ya 80, Abasa. Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akaja Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso, akageuka. Wahyi ukashuka juu ya kukunja uso huko ambako kipofu mwenyewe hakukuona! Wenzetu wa Biblia nao wanalo katazo la Walawi 19:14, kwamba asiyeona asiwekewe kikwazo njiani. Nami nasema wazi: fomu zetu za mtandaoni zimejaa vikwazo, na tumewawekea watu waliokuja kuomba haki yao.

Mtazameni binti asiyeona anayeomba mkopo wa chuo. Kipanya hakimfai kitu. Anatumia kibodi, na programu inamsomea skrini kwa sauti. Anabonyeza Tab. “Sehemu ya kuandika, tupu.” Ya kuandika nini? Jina lake, au la mdhamini? Anabonyeza tena. “Sehemu ya kuandika, tupu.” Tena. “Kitufe.” Cha kutuma, au cha kufuta yote? Ni sawa na karani anayekusukumia karatasi dirishani, kisha akanyamaza. Anayeona anasoma “Jina la baba” juu ya kisanduku, lakini ndani ya msimbo maneno hayo hayakufungwa na kisanduku chake, basi programu itajuaje? Lebo ya kuyafunga imo katika HTML tangu toleo la 4, mwaka 1997. Binti huyo hakuwa amezaliwa! Nanyi bado mnaniambia muda haukutosha?

Haya, amekisia, amefika mwisho, ametuma. Kisanduku kimoja kinageuka chekundu. Basi! Rangi haina sauti. Hajui amekosea wapi, wala kama amekosea. Andikeni kosa kwa maneno, lifungeni na kisanduku chake, kibodi impeleke pale pale. Na tarehe ya kuzaliwa mruhusuni aichape kwa tarakimu, msimlazimishe kupapasa kalenda inayokubali kipanya peke yake.

Najua jibu lenu: “Si amwite mtu amjazie?” Hapo ndipo moyo wangu unapowaka. Twendeni naye steshenari. Foleni imejaa nyuma yake. Kijana wa kompyuta anamuuliza kwa sauti, naye anajibu kwa sauti: namba ya kitambulisho cha NIDA, namba ya mtihani wa kidato cha nne, baba yuko hai au amefariki, nywila yake ni ipi. Mtaa mzima unasikia. Kisha analipa, kwa huduma ambayo wenzake wameipata bure wakiwa wamekaa kitandani na simu. Akitoka hapo, nywila imebaki kwa mtu asiyemjua. Mnaita huo msaada? Mtu mzima ana haki ya kujaza siri zake kwa mkono wake mwenyewe!

Wala si wasioona peke yao. Yupo mzee anayetetemeka mikono, yupo kijana aliyepoteza mkono kwenye ajali ya bodaboda. Hawa wanaona vizuri, ila kipanya hawakiwezi. Nanyi mmeifuta ile fremu inayoonyesha kibodi imefika wapi, eti inaharibu sura ya ukurasa. Irudisheni! Fomu yenu ikiisha muda, mwonyeni mapema na mumwongezee kwa kitufe kimoja, msimfutie kazi yake yote.

Kama dini haiwagusi, sheria ipo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Tanzania ina sheria yake ya watu wenye ulemavu ya mwaka huo huo. Miongozo ya kimataifa ya tovuti zinazofikiwa na wote, WCAG 2.0, imekuwapo tangu Desemba 2008. Marekani, mtu asiyeona aliishtaki Domino's kwa sababu tovuti na programu yake hazikumwezesha kuagiza piza, na mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikasema sheria ya walemavu inazihusu. Kule ilikuwa piza. Kwetu ni ada ya chuo, ajira, pasipoti.

Basi leo, kabla hamjafunga ofisi, chomoeni kipanya mjaze fomu yenu kuanzia mwanzo hadi kutuma. Kisha pakueni NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti; ni bure, na aliyeianzisha mwaka 2006, Michael Curran wa Australia, mwenyewe haoni. Zimeni skrini, mjaze tena. Nanyi wakubwa, msisaini malipo ya mwisho ya tovuti yoyote mpaka mtu asiyeona ameijaza fomu peke yake hadi ikapokelewa, na mumlipe siku yake kama mnavyomlipa mkaguzi mwingine yeyote.