Nyama ni halali, ila mimi sili

MWAKA juzi nilihudhuria walima hapa Njoro, Manispaa ya Moshi. Sinia la pilau likawekwa mbele yetu watu watano. Mimi nikachukua ndizi mbivu na kachumbari, nikala hivyo hivyo. Mzee mmoja wa sinia letu akaniangalia sana, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Kijana, umekuwa Msabato siku hizi, au Mhindu?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. (Wasabato ninaowajua mimi wengi wanakula mbuzi bila shida, lakini hilo tuliache.) Kicheko kilipokwisha mzee akanisogelea, akasema kwa upole: "Mwanangu, kuharamisha alichokihalalisha Allah si jambo dogo."

Hilo la pili halikuwa la kuchekesha. Nililibeba hadi nyumbani na ninalo mpaka leo. Na kwa kuwa wako wengi wanaonidhania kama alivyonidhania mzee wangu yule, nimeona nijieleze hapa.

Huu ni mwaka wa sita sili nyama, kuku wala samaki. Mayai na maziwa nayo nimeyaacha. Sijaharamisha kitu. Aya anazozikusudia mzee nazijua: Suratul Maida aya ya 87 inawakataza waumini kujiharamishia vizuri walivyohalalishiwa na Mwenyezi Mungu, na Suratut Tahrim inafunguka kwa jambo hilo hilo. Mwenye kusema kwamba mbuzi aliyechinjwa kisheria ni haramu huyo amezua. Lakini je, kila kilicho halali ni lazima kiliwe? Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w) aliandaliwa nyama ya dhabb, yaani mjusi mkubwa wa jangwani, akaondoa mkono wake. Khalid bin Walid (r.a) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila si chakula cha nchi ya watu wake na nafsi yake haikipendi. Khalid akaivuta akala, na Mtume anamtazama. Mmoja ameacha, mwingine amekula, na hakuna aliyemfanya mwenzake kuwa mkosaji. Mimi sidai zaidi ya hapo.

Basi kwa nini nafsi yangu imekataa?

Iddul Adh-ha moja, kabla sijaacha, nilishika miguu ya mbuzi wa udh-hiya. Mbuzi walikuwa watatu, wamefungwa mti mmoja, na aliyekuja kutuchinjia alikuwa na haraka maana alikuwa na nyumba nyingine za kwenda. Kisu chake kilikuwa kimefanya kazi tangu asubuhi. Akakipitisha mara mbili tatu kwenye ukingo wa saruji, mbele ya wanyama, akasema Bismillahi Allahu Akbar, akaanza. Hakikukata. Akarudia, akarudia tena. Yule mbuzi alikuwa mikononi mwangu, nausikia moyo wake unavyopiga kwenye kiganja. Wale wawili waliobaki walikuwa wanavuta kamba mpaka zimewakaza shingo. Mchana tulikula, na mimi nilikula. Baadaye nikauliza kama nyama ile ilikuwa halali. Nikaambiwa ni halali, koromeo na umio vimekatwa na jina la Allah limetajwa. Sina ugomvi na jibu hilo.

Ila iko hadithi katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Shaddad bin Aus (r.a), kwamba Allah amewajibisha ihsani katika kila kitu, na Mtume akalitaja la kuchinja kwa jina lake: mtu anoe kisu chake na ampe mnyama wake raha. Na katika mapokezi ya Ibn Abbas, mtu aliyekuwa akinoa kisu huku kondoo anamtazama aliulizwa kama anataka kumuua zaidi ya mara moja. Pale uani kwetu tulilishika neno la kuchinja, ihsani tukaiacha nje ya uzio. Hakuna aliyeona ajabu, na hilo ndilo lililonitisha kuliko damu.

Tuseme kweli, ndugu msomaji. Sisi Waislamu wa nchi hii tumegombana sana juu ya nani ashike kisu. Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi huo ulifika hadi mtu kuuawa. Haki ya Muislamu kula kilichochinjwa kisheria naitetea mpaka kesho. Lakini katika makelele yote yale, nani aliuliza habari za mnyama mwenyewe? Amesafiri siku ngapi kwenye lori, amekunywa maji lini, ameshuhudia wangapi wakichinjwa kabla ya zamu yake? Bunge lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Sisi tuliofundishwa habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka tulitakiwa tuwe walimu katika jambo hili, si wanafunzi watoro. Nenda soko la Mbuyuni uangalie kuku wanavyoning'inizwa vichwa chini kwenye usukani wa pikipiki, kisha umuulize mwenye pikipiki jina lake. Huenda ni Ramadhani.

Wengine wataniambia nitafute mchinjaji mwenye kumcha Mungu. Ni jibu zuri na nilijaribu mwaka mzima. Tatizo ni kwamba nyama ya mjini haina historia. Wa buchani anajua imeshushwa alfajiri, zaidi ya hapo hajui na wala hajaulizwa. Kuku wa kisasa anachinjwa akiwa na wiki tano au sita, amenenepeshwa haraka kiasi kwamba wengine miguu inashindwa kuubeba mwili. Kwenye mayai ndiyo kabisa. Vifaranga wa kiume wa mbegu ya kuku wa mayai hawatagi wala hawanenepi, hivyo sehemu nyingi duniani wanauawa siku ile ile wanayoanguliwa. Ujerumani imepiga marufuku jambo hilo tangu 2022. Suratul An'am aya ya 38 inatuambia wanyama na ndege ni umma kama sisi. Umma gani huo tunaoutupa siku ya kwanza?

Sikuanza mimi fikra hizi. Imam Malik katika Muwatta amenukuu onyo la Sayyidna Umar kwamba nyama inatawala nafsi kama pombe inavyotawala. Na yuko Al-Hafiz Masri, aliyeishi Afrika Mashariki kwa miaka mingi kabla ya kuwa imamu wa Msikiti wa Shah Jahan huko Woking, Uingereza, miaka ya 1960. Mwaka 1989 alitoa kitabu kizima juu ya wanyama katika Uislamu. Mshairi Al-Ma'arri wa Syria naye aliacha nyama, maziwa na hata asali karibu miaka elfu iliyopita, ila itikadi yake ina maneno mengi na mimi simleti hapa kama hoja.

Watu huniuliza Mchagga anaishije bila mtori. Anaishi. Kiburu cha ndizi na maharage ni chakula cha mababu, makande yapo, mnafu upo, karanga, magimbi, na parachichi tunazo hadi zinaoza chini ya mti. Kitu kimoja tu nanunua duka la dawa, vidonge vya vitamini B12, kwa sababu mimea haina. Asiyetaka kuvinywa asiniige. Na yule jirani ambaye watoto wake wanaonja nyama siku ya Idd tu, hapo simzungumzii yeye. Yeye na wanyama wake wana hesabu ndogo kuliko yetu tunaoagiza kuku mzima kwa simu.

Udh-hiya bado natoa, na hapa ndipo marafiki zangu wananishika. Unachinja usichokula? Ndiyo. Ni ibada, si mapishi. Kwa Shafii ni sunna iliyotiliwa mkazo, na Suratul Hajj aya ya 37 iko wazi kwamba si nyama wala damu inayomfikia Allah. Kisu nakinoa usiku, ndani ya nyumba. Mbuzi anakunywa maji kwanza, analetwa peke yake, na nyama yote inakwenda kwa wasiokuwa nayo. Najua ni sunna mwenye udh-hiya aonje. Sionji, na hilo nakiri ni upungufu wangu. Kama yuko sheikh mwenye jawabu, mlango wangu uko wazi.

Gumu kuliko yote limebaki maziwa. Suratun Nahl aya ya 66 inayasifu, nami siwezi kumwambia mtu kwamba yana dosari. Nimeyaacha kwa sababu ya ndama. Huku mlimani ng'ombe wa maziwa anakaa bandani mwaka mzima, analetewa majani, na mbolea yake ndiyo inayoshikilia migomba ya kihamba. Ndama jike anabaki. Dume anauzwa mapema ili maziwa yasipungue, na anayemnunua hanunui wa kufuga.

Mama yangu yuko Machame na ana ng'ombe mmoja. Miaka mingi amebeba majani kichwani kutoka tambarare kumpelekea. Nilipokwenda kumsalimia baada ya kuacha, alinitilia mtindi kwenye kikombe kile kile cha bati nilichokuwa nakitumia utotoni. Nikamwambia, "Mama, nimeacha maziwa." Hakukasirika. Alikaa kimya, akaufuta mkono wake kwenye kanga, akasema, "Haya haya ndiyo yaliyokulipia ada, baba."

Nikanywa. Nilimaliza kikombe chote, nikashukuru, nikaomba dua. Tangu siku ile kila nikipanda kwa mama nakunywa, na nikishuka Njoro sinywi.

Wakati wa kuondoka nilipita bandani. Ng'ombe alikuwa analia. Nikamuuliza mama kuhusu ndama dume aliyezaliwa mwezi uliotangulia, akaniambia wamemchukua Jumanne.